Ukurasa wa Moto

Jumatatu, 23 Juni

Nimeliona faili la Kendra la masomo ya wanawe. Heri nisingeliona! Kalileta mwenyewe hadi barazani kwangu, eti jirani, niambie kama nimezidisha. Kuzidisha! Vigawanyo vya rangi saba. Maua yaliyokaushwa. Picha za wanawe wakihudumia mizinga ya nyuki. Kazi za Maisie wangu za mwaka mzima ziko kwenye boksi la nepi, na mdogo wake ametapikia hesabu za kugawanya.

Bi Hostetter, mtathmini wetu sisi tunaofundisha watoto nyumbani, anakuja Alhamisi. Barua yake isipofika ofisi ya elimu ya wilaya kabla ya tarehe 30, watasema simfundishi mtoto, watamtaka shuleni. Siku 180 za masomo ninazo. Orodha ya vitabu ninayo. Ndipo Kendra akauliza, kwa sauti ya sharubati, ukurasa wangu wa moto ukoje. Maana sheria inataka mtoto afundishwe hatari za moto kila mwaka.

Moto! Nimesahau moto! Wa Kendra una picha ya wanawe juu ya gari la zimamoto. Bila shaka. Mumewe, Grant, ni zimamoto wa kujitolea. Wengine tumeolewa na mafundi bomba.

Jumanne, 24 Juni

Maisie kachora ramani ya kutoroka nyumbani. Nzuri, hata paka ana njia yake. Curtis, mume wangu, akasema inatosha, sheria haikutaja kumshinda Kendra. Mwanamume anajua nini! Kesho zoezi, lenye moshi wa kweli. Kidogo tu. Nitapiga picha.

Jumatano, 25 Juni

Mdogo nilimpeleka kwa bibi yake. Nikaunguza mkate kwenye kikaango. Moshi upo, kengele ya moshi kimya. Nikaongeza mafuta ya bekoni. Kimya. Yakawaka! Nikakumbuka: betri niliitoa mwenyewe Februari, kengele ilikuwa ikimwamsha mtoto. Nikafunika kikaango. Moto ukafa. Pazia halikunisubiri, lilikuwa limeshashika.

Maisie, roho yangu, hakupiga hata kelele. Katambaa sakafuni, katoka, kasimama kando ya sanduku la barua, palepale alipochora. Kendra alikuwa ameshapiga simu. Gari likaja likilia, mtaa mzima barazani. Nikamwambia Grant lilikuwa somo. Akauliza nilikuwa nafundisha au najifunza. Maisie akamweleza, mpaka ng'ambo ya barabara wakasikia, kuwa betri aliitoa mama. Grant akaweka mpya, akaniandikia karatasi ya taarifa ya moto.

Jioni Kendra kaleta pai ya stroberi, pole kwa jiko. Tamu sana. Namchukia.

Alhamisi, 26 Juni

Bi Hostetter akamwuliza Maisie afanyeje nyumba ikishika moto. Kajibu dakika ishirini, akimwonyesha kilichobaki cha pazia. Nikatoa karatasi ya zimamoto, yenye tarehe na saini. Bi Hostetter akacheka hadi akavua miwani. Miaka kumi na tisa, akasema, hajaona ushahidi kama huu. Akasaini! Nikambusu Maisie mpaka akaniambia basi, mama, inatosha. Kendra, kwisha habari yake!

Jumamosi, 28 Juni

Curtis alipeleka barua jana. Imegongwa muhuri. Maisie anabaki nyumbani. Nikaenda kwa Kendra kurudisha sahani ya pai, na kumwonyesha ile karatasi, kwa unyenyekevu tu.

Akafungua faili. Ukurasa mpya wa moto! Picha nne, zimepigwa kutoka dirishani kwake. Grant na mpira wa maji. Mimi na kikaango, mdomo wazi. Chini yake, mwandiko safi wa mwanawe: Kwa nini sisi hatutoi betri. Bi Hostetter alipita kwake jana. Akasema ndio ukurasa bora aliowahi kuuona.

Curtis akaniambia sasa nipumzike, mke wangu, yameisha. Nikapumzika dakika kumi.

Mwaka ujao ni sayansi. Kendra ana mizinga miwili tu. Nimeagiza mitatu. Nyuki elfu thelathini, wanakuja kwa posta Jumanne. Curtis sijamwambia. Yeye ndiye hufungua vifurushi.