Chupa Tupu za Sabina

Jumatatu, 4 Machi 1996

Tangu Krismasi naacha soda kwenye mizani ya Sabina, mpima samaki, asubuhi, kabla hajaingia. Jioni huniletea chupa tupu mezani, anatabasamu, anaondoka. Basi. Mimi nia yangu ndoa. Na Ojuok, dereva wa lori la barafu, siku hizi anaegesha karibu na mizani.

Ngosha wa stoo anasema wasichana wa kiwanda hiki cha minofu ndivyo walivyo. Tangu habari za mkutano wa wanawake wa Beijing zifike huku Nyakato, haki zao, bili zetu. Kweli tupu. Ijumaa ni Siku ya Wanawake, meneja kawaahidi pilau na vitenge. Sisi je?

Jumatano, 6 Machi

Wanaume tumekutana nyuma ya chumba cha baridi. Wameamua kilio chetu akiseme mtu aliyesoma. Wote wakanitazama. Nikakataa kwa upole. Ngosha akasema mwenye kidonda ndiye ajuaye kulia. Nikakubali.

Ijumaa, 8 Machi

Nimesema. Sherehe ilipoanza nilisimama mbele ya wote, nikasema: mwanaume ananunua, mwanaume anasubiri, mwanaume haambiwi kitu. Nikageuka kuwatafuta wenzangu. Wako kwenye foleni ya pilau.

Mama Malimi, msimamizi wa wakata samaki, akauliza: mwanangu Luhaga, huyo unayemnunulia, umemwambia unampenda? Nikajibu kwamba hilo halimo kwenye hotuba. Wanawake walicheka hadi kofia zikawaanguka. Kabla ya kufunga kazi wimbo ulishatungwa, kwa Kisukuma, na ngoma ya ndoo. Jina langu limo. Chupa zimo.

Jumamosi, 9 Machi

Wimbo umefika Mkolani, ninakopanga, kabla yangu. Mama mwenye nyumba alikuwa akiuimba huku anafua. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaendelea na ubeti wa pili.

Jumatatu, 11 Machi

Sabina amekuja mwenyewe. Kumbe alidhani soda ni za kampuni, za wanaofanya kazi kwenye baridi! Alikuwa akigawana na Odeta wa mizani ya pili. Chupa alinirudishia kwa kuwa mimi ndiye karani wa vifaa.

Leo kaninunulia yeye. Akaketi kwenye benchi langu, akasema, "Haya, Luhaga. Sema sasa."

Nikamweleza kwamba mizani yake inazidisha kidogo, ikaguliwe. Akangoja. Akasema Jumapili hana kazi. Nikamshukuru kwa taarifa. Akangoja tena, kisha akainuka. Chupa yake nilimrudishia mwenyewe, nimeisuuza.

Alhamisi, 14 Machi

Ojuok, ambaye hajamnunulia hata maji, amemwambia tu kwamba anampenda. Pale pale, mbele ya samaki. Jumapili wanavuka kwenda kutembea kisiwa cha Saanane.

Huu ndio uonevu niliousema. Nusu saa nzima msichana kanikalia benchini asitamke anachotaka! Ngosha ananiunga mkono. Nimeanza kuandaa hotuba ya mwakani, ndefu zaidi.

Kuanzia kesho soda naacha kwenye mizani ya Odeta. Asubuhi, kabla hajaingia.