Mume Wangu Kapewa Kitanda Chake

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimefika Nyamisangura kwa mwanangu Daudi. Mjukuu kapewa jina la marehemu mzee wangu, Mwikwabe. Basi mume wangu karudi! Hana jino hata moja, lakini hata yule wa kwanza aliishia hivyohivyo. Nikaomba nilale naye. Mkwe wangu Irine akakataa. Eti nesi kasema: kitanda chake peke yake, chali, bila mto. Kalazwa kama mtu anayekagua bati linalovuja! Na Irine anatafuta wa kumwachia mtoto atakaporudi kazini dukani. Nikileta ubishi, ataitwa mke mwenzangu Waisiko. Waisiko! Anipokonye mume mara ya pili?

Jumanne, 4 Machi
Nimemwekea mto na blanketi zito kwa siri. Irine kanifuma. Nikasema mtoto anasikia baridi. Akanishikisha kifua cha mtoto: jasho kama maksai wa kulima. Nikasema hiyo ni furaha.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki. Nilitaka kumwaibisha huyo nesi, Lilian, mbele ya akina mama. Nikamuuliza, akilala chali si atapaliwa na maziwa? Akanipa shikamoo yangu, akasema hapaliwi. Kisha akaniomba nilale kifudifudi, uso kwenye godoro, nionje hewa ya huko. Nikalala. Akauliza kama napumua. Nikajibu vizuri sana! Hakuna aliyesikia.

Alhamisi, 6 Machi
Jana niliwaambia mimi silalii mtu. Nikalala na papai bivu ndani ya kanga, liwe ushahidi. Asubuhi papai hakuna. Nikasema nimelila. Daudi akauliza, na hizo mbegu mgongoni, mama, umelilia upande gani? Nikamtazama Mwikwabe, shingo kama ya kifaranga. Moyo ukanishuka kabisa. Halafu akili ikarudi: papai halilii! Lingelia, ningeamka.

Ijumaa, 7 Machi
Daudi kamwita Waisiko. Kaja kutoka Mbalibali na mto wa manyoya, anaita mume wangu, mume wangu, atalala na mimi. Nikaziba mlango. Chali! Bila mto! Kitanda chake! Nesi kakataza, wewe mama una masikio? Irine kafurahi mpaka machozi. Kasema mtoto ataniachia mimi. Waisiko kaondoka na mto wake kwapani.

Sibishi tena. Mtoto atalala kitandani kwake. Kesho namfuata fundi Vedasto akipanue hicho kitanda, na mimi nienee.