Kuhusu Leseni ya Mwanangu Fantaye, na Hatari ya Watu Wenye Macho

Kwa Ato Gizachew,
Mwenyekiti, Kamati ya Waongoza Watalii,
Amba Kirara.

Mheshimiwa,

Salamu nyingi zikukute umeshakunywa kahawa, maana barua hii si ya kusomwa na tumbo tupu. Mimi ni Yeshimebet, muuza mishumaa wa pale langoni, mama yake Fantaye. Yule binti mrefu, mzuri, asiyeona. Uzuri kautoa kwangu.

Wiki iliyopita kamati yako ilimnyima mwanangu leseni ya kuongoza watalii katika makanisa yetu ya mwambani. Sikusoma sana, niliishia darasa la sita, lakini nilikuwa wa kwanza. Kwa hiyo nalalamika kwa namba.

1. Mtihani. Mlimpa picha mkamwuliza, "Hiki ni nini?" Akaipapasa, akajibu, "Karatasi." Mkampa sifuri. Mheshimiwa, ilikuwa karatasi au haikuwa?

2. Mliandika kwamba hawezi kupita salama katika njia ya chini ya mwamba. Katika njia ile, tangu enzi za mababu, ni mwiko kuwasha taa. Mtu hupita gizani akimwomba Mungu. Humo nani anaona? Katibu wako alipoingia naye kumpima, aling'ang'ania shuka ya mwanangu kwa mikono miwili akilia, "Dada, usiniache! Dada, uko wapi?" Fantaye akamwambia, "Niko hapa, kaka. Hiyo shuka unayoivuta ndiyo mimi." Aliyetolewa akitetemeka ana leseni. Aliyemtoa hana.

3. Mwezi wa Meskerem, mvua zilipokatika, walikuja walimu sita wasioona kutoka Addis Ababa. Mwongozaji wenu Getinet, kitambulisho kifuani, akawasimamisha juani nusu saa. "Tazameni kushoto! Pazuri sana! Na kulia, lo, pazuri zaidi!" Mwalimu mmoja akamwuliza, "Kaka, pazuri kama nini?" Getinet akafikiri weee, akasema, "Kama kwenye picha." Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kumbe anaambiwa asiye nayo, tena kwa kupigiwa kelele.

Mwanangu akaiacha meza ya mishumaa. Akaishika mikono yao, akaiweka kwenye alama za patasi ukutani, moja baada ya nyingine, mpaka wakagundua kwamba fundi aliyechonga pale alikuwa na shoto. Miaka hamsini naishi hapa, sikulijua hilo! Akawakanyagisha vidato vilivyolika kwa nyayo za mahujaji. Akawanusisha ubani ulioganda kwenye jiwe. Mwalimu yule akasema, "Dada, sasa ndiyo tumefika." Wangebaki na Getinet, wangerudi kwao wakisimulia kwamba Amba Kirara ni jua na makelele.

4. Kwa hiyo maombi yangu ni madogo tu. Kila mwongozaji mwenye macho anyang'anywe leseni mpaka arudie mtihani akiwa amefungwa kitambaa. Kila mtalii mwenye macho apewe msaidizi, maana wanajikwaa mno, wanatembea huku wameikodolea macho simu. Wanakamati nao washikwe mkono, hasa wakati wa kuamua. Na pale langoni kiwekwe kibao cha huruma: "Wenye macho pia wanakaribishwa."

5. Hili la mwisho naliandika taratibu. Kila asubuhi Fantaye anasuka nywele upya, ananyoosha gauni lake, ananiuliza, "Mama, jibu limekuja?" Namwambia kesho. Kesho zimeniishia.

Mwanangu hahitaji kusaidiwa, wala kulindwa, wala kuchungwa na mtu yeyote. Hilo nalisema mbele ya Mungu.

Wasalimie wanakamati wote, na mkeo na mguu wake ulioteguka. Msalimie Getinet pia. Mama yake ni shoga yangu.

Ni mimi, nisiyechoka kuandika,
Yeshimebet Gobeze

Nyongeza: Leseni ikitoka, tafadhali andikeni humo kwamba anaruhusiwa kufuatwa na mama yake, hatua ishirini nyuma. Namfuata kila siku tangu utoto wake, nikiwa nimevua viatu, naye hajui kabisa. Isipokuwa jana, penye ngazi, alisimama bila kugeuka akasema, "Mama, inua mguu, hapo pana kidato kimevunjika."