Dąbrowa ya Babu Walenty

Jumatatu, 4 Machi 1996

Shangazi Bronia amerudishwa nyumbani kutoka hospitali. Daktari amesema moyo umechoka, hakuna zaidi la kufanya. Ametuita mimi na Gienia, binti wa baba yangu mdogo, akatuketisha kando ya kitanda. Anataka kitu kimoja tu kabla hajaondoka: udongo kidogo wa kijiji alikozaliwa baba yake, uwekwe kwenye jeneza lake.

Shida ni kwamba hakijui kijiji chenyewe. Marehemu Babu Walenty alipoulizwa alijibu "Dąbrowa", basi, akarudi kwenye supu yake. Nimetazama ramani. Poland ina Dąbrowa nyingi kuliko mji wetu huu wa Buffalo, Marekani, ulivyo na baa.

Atakayekipata, kasema Shangazi, atarithi pierzyna, lile blanketi nene la manyoya ya bata bukini ambalo Babu alivuka nalo bahari. Gienia akasema yeye hataki zawadi yoyote. Wanaotaka sana ndio husema hivyo. Blanketi ni langu.

Jumatano, 6 Machi

Maktaba, tangu asubuhi. Orodha za abiria wa meli, zilizopigwa picha kwenye filamu. Macho yamekuwa mekundu kama supu ya bitiruti. Walenty Pokrzywa, jina letu, hayupo. Lakini yupo Walenty Pokrzywnicki! Hilo ni jina la mabwana, watu wa majumba na farasi. Nikaelewa yote pale pale. Karani wa bandarini alitukata jina.

Ni kweli huyu bwana alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto watano, na Babu alifika kijana, peke yake. Makarani wa zamani walikosea sana.

Nikaenda mbio kumweleza Shangazi kwamba sisi ni watu wa ukoo mkubwa, jina letu lilikatwa siku ya kuteremka melini.

"Baba hakukatwa hata nywele siku ile," akasema. "Aliteremka na chawa wake wote."

Gienia alicheka hadi akamwaga chai. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumamosi, 9 Machi

Nilisikia Gienia anapanga kwenda parokiani kutazama kitabu cha ndoa. Nikamtangulia. Nilivaa koti jeusi, nikamwambia katibu wa parokia, Bi Otylia Szpak, kwamba nimetumwa na ofisi ya askofu kukagua kama vitabu vya zamani vimeingia unyevu.

Bi Otylia alinitazama juu ya miwani. Kabla sijastaafu nilikuwa na duka la viatu, na viatu vyake vyote alivinunua kwangu. Akauliza kama siku hizi baba askofu naye anauza viatu. Kisha akanipa kitabu. "Ungeomba tu, Zygmunt," akasema. "Kwani nani angekunyima?"

Ndoa ya Babu imo. Bwana harusi ametoka Dąbrowa, Galicia. Yaani upande wa kusini, uliokuwa chini ya Austria. Nusu ya Dąbrowa zangu zimeanguka hapo hapo. Zilizobaki bado ni nyingi mno.

Gienia nilimwambia ukurasa umeliwa na panya. Akaenda hata hivyo. Akausoma. Bi Otylia akampa na keki.

Alhamisi, 14 Machi

Shangazi hainuki tena. Midomo yake imekuwa ya buluu, na pumzi anazivuta kama mtu anayepanda ngazi. Nimeona hakuna muda wa kusubiri vitabu.

Nikachagua Dąbrowa moja yenye jumba zuri lenye nguzo. Udongo nikauchimba nyuma ya banda langu. Chini ya theluji ardhi ilikuwa kama chuma, mpini wa sepetu ukakatika. Nikaukausha kwenye oveni, nyumba nzima ikanuka. Nikautia ndani ya kopo la biskuti, nikabandika stempu ya Poland niliyoibandua kwenye kadi ya zamani ya Krismasi. Nikampelekea, nikasema umefika kwa ndege.

Nilidhani atashukuru tu na kuliweka kando. Akaniomba nilifungue. Akaingiza vidole, akavizungusha taratibu. Kisha akalia, bila sauti, kama wanavyolia watu wasio na nguvu. Akataka kujua pakoje huko.

Nikamwambia. Mialoni mikubwa, mto mdogo, barabara nyeupe inayopanda hadi kanisani. Niliongea sana. Kila nilipotaka kuacha aliniuliza kitu kingine, nami nikakitengeneza. Nilimwacha amelala, kopo liko kando ya mto wake wa kulalia.

Jioni sikuweza kula. Lazima ni samaki wa Kwaresima.

Jumanne, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Gienia alileta viazi vya kuponda, akawa anamlisha Shangazi kidogo kidogo. Mimi nilikuwa dirishani na ramani zangu. Shangazi akageuza uso, akasema grule zimetosha.

Nikamsahihisha kwa upole. Shangazi, hivi ni viazi, ziemniaki. Homa hiyo.

"Baba aliita grule," akasema. "Sisi sote nyumbani tuliita grule, mpaka masista wa shule walipotucheka."

Gienia akaweka kijiko chini. Akamwomba arudie. Halafu akanivuta jikoni. Poznań viazi huitwa pyry, akasema, Warsaw huitwa vingine, na grule utazisikia kwa watu wa milimani tu, kusini kabisa.

"Umekuwa ukija kwa huyu mama tangu utoto," akaniambia. "Hukuwahi kumsikiliza?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa na utafiti.

Jumamosi, 23 Machi

Milimani kuna Dąbrowa moja tu. Gienia amempigia simu padri wa huko. Kipolandi chake ni safi. Changu ni cha jikoni, kinatosha kuomba supu na kumfukuza mbwa. Padri alimwacha akisubiri, akaenda kufungua kitabu cha ubatizo. Akarudi na jibu. Walenty Pokrzywa, mtoto wa Szymon, mchunga kondoo.

Kumbe kuna zaidi. Wapo akina Pokrzywa hadi leo, katika nyumba ile ile. Padri alitoka akamwita mzee wa nyumba. Mzee akasema wao walirithishwa habari kwamba Walenty alizama baharini, kwa sababu tangu aondoke haikufika barua. Babu hakujua kuandika, na aliona haya kumwomba mtu. Kila Novemba, siku ya marehemu wote, wamemwashia mshumaa.

Gienia akamweleza Shangazi yote, mkono wake mkononi. Hakuna jumba wala mialoni. Ni mawe, kondoo, na mlima mkali.

"Kwa hiyo hawakumsahau," akasema Shangazi. Kisha akanitafuta kwa macho. "Na ule mto wako, Zygmuś? Umekwenda wapi?"

Nikasema mito huhama.

Alicheka hadi akakohoa, na mkono wangu hakuuachia. Mzee wa huko ameahidi kutuma udongo kwa posta.

Alhamisi, 28 Machi

Shangazi alifariki Jumatatu asubuhi. Gienia alikuwa naye. Mimi nilikuwa kwa mchora mabango, kuhusu nembo ya ukoo: kondoo wawili, na taji juu.

Tumemzika leo. Udongo wa milimani haujafika. Kabla jeneza halijafungwa Gienia alitoa kopo langu la biskuti, akaliweka miguuni pa Shangazi. Nikaanza kumnong'oneza: kwa kweli, kuhusu ule udongo... Akasema Shangazi alijua tangu siku ile ile. Aliunusa. Alisema ni udongo wa Buffalo, ameishi juu yake maisha yake yote na haumtishi, na ule mwingine ukija tuumwage juu.

Nilikwenda kusimama chumba cha makoti, nikakaa humo mpaka walipomaliza wimbo.

Blanketi amerithi Gienia. Akataka tulikate, kila mtu nusu. Nikakataa kwa heshima. Nilijuta kabla sijafika kwenye gari.

Jumatatu, 8 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Ukumbi wa parokia umejaa, watoto wanarushiana maji, kama ilivyo desturi ya Kipolandi siku hii. Mwenyekiti wa parokia alitangaza wanamtafuta mtu wa kutoa mhadhara juu ya kutafuta asili za mababu. Nilisimama kabla Gienia hajameza soseji yake. Mhadhara ni wangu.

Nitaanza na upande wa mama, akina Gwizdała. Huko nina uhakika kuna ngome. Nimeona kwenye kitabu picha ya bwana mkubwa mmoja mwenye masikio yangu kabisa.

Gienia alinifuata nje. Akanikumbusha kuwa Mjomba Alojzy, kaka yake mama yangu, bado yu hai hapa jirani, Cheektowaga, ana miaka tisini na akili zake zote. "Nenda wiki hii," akasema. "Kaa naye tu, mwache aongee."

Nimemwambia nitakwenda. Kwanza niipate ngome, ili niwe na cha kumsimulia.