Ofisi Ndani ya Sauna

Jumatatu, 1 Februari. Lahti.

Tuukka! Jina hilo limeniharibia hata uji. Asubuhi, kwenye kikao cha kompyuta, bosi wetu Raili ametangaza kwamba kiwanda kinataka samani moja mpya ya wanaofanyia kazi nyumbani. Wasanifu wawili tunashindana, mimi na Tuukka. Ijumaa saa kumi atapita nyumbani kwangu kukagua. Mshindi atakuwa mkuu wa usanifu. Cheo changu hicho! Nimekisubiri miaka kumi na moja. Tuukka kaja juzi tu na soksi zake za maua, akaniuliza mbele ya wote kama bado nachora kwa penseli. Wakacheka. Nilizima kamera nikatukana mpaka mke wangu Outi akaja kufunga mlango.

Outi naye anafanyia kazi meza ya jikoni, anapokea simu za wagonjwa wa meno kutwa nzima. Kelele tupu.

Jumanne, 2 Februari

Nimepata! Sauna! Kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke: fleti yetu inacho, ya jirani inacho, na ya jirani wa jirani. Yetu inawashwa jioni moja kwa wiki, siku sita inakaa bure. Weka meza humo, ofisi hiyo. Kimya, mlango wa kioo, benchi lipo tayari. Outi akauliza baba yake ataoga wapi. Mzee Kalervo huja kila Ijumaa tangu tuoane. Hupanda benchi, humwaga maji kwenye mawe ya moto, haongei. Nikasema nitampigia simu mwenyewe. Mtu ana mapinduzi mikononi, anaulizwa habari za kuoga!

Jumatano, 3 Februari

Duka la mbao linasema mzigo utafika wiki ijayo. Wiki ijayo! Nimezunguka nyumba nzima nikitafuta mbao. Samani zote ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, isipokuwa meza ya jikoni. Msonobari mtupu, ya bibi yake Outi. Outi alikuwa ametoka. Nikaikata.

Aliporudi hakupiga kelele. Heri angepiga! Aliuliza tu, "Aarne, na mimi nifanyie kazi wapi?" Nikamwambia avumilie siku mbili, nikipata cheo atapata meza mbili. Akafungua ubao wa kupigia pasi, akaweka kompyuta juu yake, akaendelea kupokea simu akiwa amesimama. Kunisuta tu.

Alhamisi, 4 Februari

Meza imeingia saunani bila kubaki upenyo. Najua, sauna hujengwa kwa mti usio na utomvu, na msonobari ukipata joto hutokwa na ulimbo. Hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini hii si sauna tena! Outi kaniuliza mara mbili kama nimempigia baba yake. Nikasema ndiyo. Nitampigia kesho. Jioni akalalamika miguu inamuuma. Nikamwambia kusimama ni afya, niliandika ripoti nzima mwaka juzi.

Ijumaa, 5 Februari

Balaa! Saa tisa na robo nilitoka kununua maandazi ya mdalasini ya kumkirimu Raili. Foleni ya watu wasio na haraka. Narudi, nakutana naye mlangoni, namwongoza kwa madaha, nafungua mlango wa kioo. Joto likatupiga usoni. Mzee Kalervo alikuwa amekaa juu ya meza yangu, uchi kama kawaida, ndoo pembeni. Ana ufunguo wake, kaingia kaiwasha mwenyewe. Sikumpigia!

"Mkwe," akasema, "benchi lako jipya linanata."

Raili hakushtuka hata kidogo. Alimwamkia, akamuuliza kama joto linatosha. Lakini mzee alipojaribu kuinuka, hakuinuka. Ulimbo! Tulimvuta, mimi mkono huu, bosi mkono ule. Aliponasuka, viungo vya meza vikaachia, na mguu mmoja ukamwangukia bosi kwenye kiatu.

"Msonobari?" akasema. "Ndani ya sauna? Na umezaliwa hapa hapa Lahti?"

Akaenda jikoni kunawa. Huko akamkuta Outi kwenye ubao wa pasi, anampangia mtu siku ya kung'oa jino. Raili akasubiri simu iishe. Akaushusha ubao, akaupandisha, akaukunja, akauegemeza nyuma ya mlango. Akauliza nani kabuni. Outi akajibu kwamba hakuna aliyebuni, ni vile hana meza. Wakazungumza saa nzima. Maandazi wakala wao na mzee!

Jumamosi, 6 Februari

Raili kapiga simu. Kiwanda kitatengeneza meza ya kukunja iliyotokana na ubao wa pasi, na itaitwa Outi. Mkuu wa usanifu ni Tuukka. Mimi nitamchorea miguu ya meza! Nimepiga teke ukuta, kidole kimevimba.

Nikamwambia Outi amenisaliti jikoni mwangu mwenyewe. Akapakia kompyuta. Akapakia na nguo. "Kwa baba kuna meza, Aarne. Na dirisha." Nikauliza anarudi lini. Akasema siku nitakapomuuliza yeye anahitaji nini. Swali gani hilo? Miaka kumi na tisa, kama kuna kitu anahitaji si angesema!

Jumapili, 7 Februari

Nyumba kimya. Sijala. Nimewachukia wote, na misonobari yote ya nchi hii. Nilikaa kitandani nikautazama upande wa Outi, mtupu, na ghafla nikaruka kutafuta futi. Sentimita themanini kwa mia mbili! Wanandoa wote wanao upande kama huu, na mchana hauna mtu. Bawaba mbili, taa moja, basi, ofisi hiyo! Tuukka ataisoma namba! Hadi saa saba nilikuwa nimeshaukata. Nimempigia Outi mara nne aje kuona. Hapokei. Hajui anachokosa!