Wimbo Unaoimbiwa Ukuta

Mama Zipporah Wangila,
Shianda.
24 Agosti 1996

Kwa Bwana Chrispinus Were,
Jaji Mkuu, Tamasha la Nyimbo za Asili, Lurambi
(pia mume wa binti yangu Beldina).

Mheshimiwa Jaji na Mkwe wangu,

MINTARAFU: KUNYIMWA CHETI KWA AKINA MAMA WA SHIANDA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Beldina na huyo kitinda mimba wenu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaoniuma. Nimelazimika kukuandikia kwa sababu mila zetu unazijua. Miaka kumi na tisa tangu uoe kwangu hatujawahi kupeana mkono wala kuketi chumba kimoja, na sijawahi kukuona ukitafuna. Tukikutana njiani unaingia kwenye miwa mpaka nipite. Hayo yote ni heshima na ninakushukuru. Lakini mtu ambaye huwezi kumwambia neno usoni, akikukosea inabidi umwandikie. Nilifundisha ngumbaru miaka kumi na moja, na kalamu bado inanitii.

Jumamosi tarehe 17, mbele yako na mbele ya waamuzi wenzako wawili waliokuwa wakisinzia, sisi akina mama tisa tuliimba Ng'ombe Mweupe. Ni wimbo aliotufundisha Padri Malaki, mmisionari aliyetoka kijiji kimoja magharibi mwa Ayalandi akaja kwetu mwaka wa 1948 na koti zito lisilofaa jua. Aliuimba kwa lugha ya kwao, bila ngoma wala kinanda. Ni wimbo wa mwanamke anayemlilia ng'ombe wake aliyezama kinamasini. Una beti kumi na tisa, na kila ubeti unataja jambo moja ambalo ng'ombe huyo alimfaa. Padri alipotueleza maana yake, wazee wa Shianda walivua kofia. Walisema mtu wa kumlilia ng'ombe kwa beti kumi na tisa hawezi kuwa mgeni. Tangu siku hiyo tumeuimba kwenye matanga yetu yote, kwa Kiayalandi kilekile, na herufi moja haijabadilika.

Wewe ulitupa alama thelathini na moja kwa mia, ukatuondoa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliandika kwamba wimbo huu "si wa asili ya hapa". Naomba kuuliza, mahindi ni ya asili ya wapi? Babu zetu walikula wimbi na mtama. Mahindi yalikuja kwa meli kama Padri Malaki, na sijasikia mtu akiunyima ugali wetu wa obusuma cheti. Nasikia siku hiyo ulikula sahani mbili. Nasema nasikia, sikuona, Mungu aniepushe. Tena marehemu baba yako tulimzika kwa wimbo huu mwaka wa 1984, beti zote, mvua ikitunyeshea, na wewe ukapiga magoti kwenye matope ukalia mpaka ukainuliwa na wanaume wawili. Siku hiyo hukutuuliza wimbo umetoka wapi.

2. Uliandika kwamba "waimbaji waliwapa waamuzi mgongo". Ni kweli tuliwapa. Wimbo huu huimbwa mwimbaji akiwa ameutazama ukuta. Padri Malaki alipouimba hivyo mara ya kwanza, kanisa zima lilishangaa, mpaka mzee mmoja akasimama akafafanua: Padri ameoa Kanisa; Kanisa limezaliwa na hawa akina mama walioketi mbele; kwa hiyo hawa wote ni mama wakwe zake, na anachofanya ni adabu. Padri mwenyewe alipoulizwa alisema kwao watu huutazama ukuta kwa sababu ya haya. Ni kitu kilekile. Jumapili iliyofuata walibatizwa watu arobaini, wakiwemo watatu waliokuwa wamebatizwa tayari.

Lakini tuiache dini. Pale Lurambi hapakuwa na ukuta, palikuwa na turubai, basi tukalitazama turubai. Sasa nikuulize kwa heshima zote: ulitaka nikutazame wewe? Mimi mama mkwe wako nikupanulie kinywa mbele ya umati, unione mpaka magego? Na kuna jambo linalonisumbua zaidi. Kama uliona nimekupa mgongo, basi uliniangalia. Na kama uliniangalia mgongo, bila shaka jicho halikuishia mgongoni, maana mimi si mwembamba. Hapo umevunja mila, na faini yake ni mbuzi. Kama hukuniangalia, alama zile ulizitoa wapi? Chagua mwenyewe: wewe ni jaji mwongo au mkwe asiye na adabu. Mimi kwa mapenzi niliyonayo kwako nimechagua mwongo.

3. Uliandika "miondoko isiyo na maana". Huyo alikuwa Sellah, mwenzangu tangu usichana, amenishika mkono anauzungusha polepole kama anayeshona kwa cherehani ya mkono. Ndivyo inavyofanywa. Ubeti wa kumi na mbili, ule wa maziwa ya kiangazi, unakata pumzi, na bila mtu wa kukuzungusha mkono unaweza kubaki hukohuko. Sellah alikujibu palepale jukwaani, "Sisi tunafanyanga hivi tangu zamani, mwambieni huyo kijana!" Nafikiri ulimsikia. Hata waliokuwa barabarani walimsikia.

4. Uliandika "kiongozi alishindwa kumaliza". Mkwe wangu, hapa ndipo nilipolia, na sioni haya kukwambia. Mstari wa mwisho wa wimbo huu hauimbwi. Unasemwa tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeaga na kushika njia. Ng'ombe amekwisha zama, kilio kimetosha, mwenye ng'ombe anarudi nyumbani kupika. Nimeusema mstari huo kwenye makaburi zaidi ya mia mbili na hakuna maiti aliyelalamika kwamba haujaisha.

5. Nafasi ya kwanza ya Nyimbo za Asili ulikipa kikundi cha walimu chenye sare za manjano, kwa wimbo wa kusifu choo cha shimo. Sina ugomvi na choo. Ninacho kimoja, kizuri, chenye mlango. Lakini wimbo huo ulitungwa mwezi wa Juni mwaka huu, nasi sote tunamjua aliyeutunga, na mwezi wa Agosti ukawa wa asili. Wetu una miaka arobaini na minane, nao ni mgeni. Kumbe asili siku hizi huota haraka kuliko kunde.

6. Padri Malaki alirudi kwao na akafia huko. Mwaka jana mpwa wake, binti aitwaye Noreen, alituandikia kwamba kijijini mwao wameunda kamati ya kusherehekea na kuhifadhi nyimbo za zamani, na kwamba Ng'ombe Mweupe hakuna anayejua zaidi ya beti nne. Beti nne! Wamemwacha ng'ombe wao kinamasini hata pembe hazionekani. Mtoto ni wa aliyemlea. Sisi ndio tuliomlea, kwa hiyo sisi ndio wenye asili, na wao ndio wanaopaswa kuja Shianda na madaftari, walale kwetu, waonje ingokho, kuku wetu wa wageni, na wafundishwe kuutazama ukuta.

7. Hili la mwisho nalisema bila mzaha. Wasichana wa siku hizi hawaimbi kitu kisicho na cheti. Niliwaahidi kwamba tukipata cheti Lurambi watajifunza, wakakubali, sita kati yao, na mmoja akanunua hata daftari. Baada ya tamasha wote walihamia kwenye kikundi cha choo. Beti zote kumi na tisa ninazo mimi peke yangu. Sellah anazo kumi na mbili, na siku nyingine tisa. Nina miaka sitini na tisa, goti langu la kushoto limekwisha tangulia ahera, na nikifa hakuna atakayeuimba wimbo huu kaburini kwangu. Nitazikwa kwa wimbo wa choo. Nimekaa na wazo hilo wiki nzima na sitaki kudanganya, linaniogopesha kuliko kifo chenyewe.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na ninaamini si mengi:

Kwanza, tupewe cheti chetu. Pili, tamasha la mwaka ujao liwe na kundi jipya la Nyimbo za Asili za Kiayalandi za Shianda, na washindani tuwe sisi peke yetu ili kuepusha fujo. Tatu, waamuzi wa kundi hilo nao waketi wakiutazama ukuta. Nne, sensa ijayo ikifika, sisi akina mama tisa tuandikwe kuwa kabila la arobaini na tatu. Hatutataka wilaya. Tarafa moja inatosha, mradi ipakane na soko.

Nisipopata jibu katika siku kumi na nne, nitahamia kwako. Si jikoni kwa Beldina. Nitakuja na kitanda changu, niingie kwa mlango wa mbele na niketi sebuleni mkabala na kiti chako. Wewe utakuwa ukitumia dirisha, na kwa jinsi ulivyonenepa tangu upewe ujaji, nakushauri uanze mazoezi.

Nawasalimu wote hapo nyumbani: binti yangu Beldina, wajukuu wangu kwa jumla, mbwa wenu, na fundi anayejenga uzio wenu tangu Pasaka. Sellah anakusalimu pia, ila salamu zake nimezipunguza makali.

Ni mimi mkweo mwenye kukuheshimu kutoka mbali,

Zipporah Wangila,
Mwenyekiti na Sauti ya Kwanza.

Nakala kwa: Chifu, Paroko, Noreen wa Ayalandi (atafute wa kumsomea).

Tanbihi. Barua hii niliileta mwenyewe jana ili nimpe Beldina akukabidhi. Mvua ya saa tisa ikanikuta uani kwenu. Beldina alikuwa ameenda sokoni, na ndani nilikusikia wewe na mtoto analia tumbo. Kuingia siwezi, kuondoka siwezi, nikajibanza chini ya paa na uso ukutani ili miwani isilowe.

Ndipo ukaanza kumwimbia Ng'ombe Mweupe. Beldina hakukufundisha, maana sauti yake ni ya bawaba isiyotiwa mafuta. Labda uliuokota miaka yote ile uliyoketi nje ya jiko langu ukingoja sahani ipitishwe dirishani. Mtoto alinyamaza kwenye ubeti wa tatu. Kwenye ubeti wa kumi na nne ukakwama. Uliurudia mstari wa kwanza mara tatu, na mimi huku nje nikawa kama ninayewashwa. Mwishowe nikauimba, kwa sauti ndogo, kwenye ukuta. Hakuna mila inayokataza ubeti kupita ukutani. Nawe ukachukua wa kumi na tano, na tukaenda pamoja mpaka mwisho, wewe ndani na mimi nje, ukuta mmoja katikati. Mstari wa mwisho uliusema vizuri kuliko mimi.

Nimeelewa pia kwamba uliogopa watu waseme jaji amempa ushindi mama mkwe wake. Hiyo nayo ni adabu, ila chumvi ilizidi.

Basi nayafuta malalamiko yote, la 1 hadi la 7. Cheti baki nacho. Kabila nimelighairi, na kitanda changu hakitoki Shianda. Faini ya mbuzi iko palepale. Ubeti wa kumi na nne nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Ukariri, kwa sababu siku yangu ikifika utauimba wewe. Nitakuwa ndani ya sanduku na kifuniko kimepigwa misumari, kwa hiyo hakuna mila itakayovunjika.