Nailo ya Disiki za Mama Zaina

Leo nimejiaibisha mbele ya bibi-arusi, mama yake na shangazi zake wote. Wacha niwaambie mie mwenyewe, kabla mtaa wetu wote wa Kampemba haujawafikishia.

Mama Zaina ana studio ya video. Juzi juzi nilimfungia kwenye mashini yake ya kompyuta disiki mbili mpya zinazoenda pacha: ukiandika kitu, zote mbili zinakiandika. Moja ikikufa, filamu ya harusi iko salama kwa nyingine. Nilijisifu sana. ("Mama, hii itakimbia sawa mshale!")

Asubuhi ananipigia simu.

"Fundi, njoo mbio! Filamu ya harusi ya Amina haimaliziki kuandika, inatembea sawa kinyonga! Na Amina anaenda Kambove leo, kwa bwana yake. Mama yake amekatala mutoto atoke bila filamu!"

Nafika. Chumba kimejaa. Amina na hina yake mikononi, mama yake, shangazi, wote wamekaa kwenye viti vya Mama Zaina, vingali na nailo ya dukani. (Kwetu kitu kipya hakivuliwi nailo. Nailo njo heshima yake!) Mtu akijigeuza, kiti kinalia kwaru, kwaru.

Nikaanza kulaumu. Nikalaumu courant, umeme wetu huu. Nikalaumu vumbi. Kisha nikaona mashini imefunikwa kitambaa cha kufuma, kizuri, na maua.

"Mama Zaina! Mashini itapumua namna gani? Ni weye njo unaiua!"

Masikini, akatoa kitambaa, akakikunja. Shangazi wakanitazama kwa heshima. Nikavimba kichwa.

Tukaanzisha tena. Ikakimbia! Wote: "Eeeh!" Kidogo tu, mbio ikaanguka, ikarudi kinyonga. Amina akaanza kulia.

"Fundi, gari inaningojea."

Hapo niliogopa kweli. Nikazima, nikafungua, nikagusa disiki. Ayiii! Moto! Kila disiki ina kibati cha kuipoza, na chini ya kibati kuna utepe laini wa kupitisha joto. Nikainua kibati. Utepe ulikuwa na nailo yake. Ya buluu, safi kabisa. Mie mwenyewe niliiacha, ikazuia joto, na disiki ikipata moto inapunguza mbio! (Kitu kipya, bantu yangu, watu wangu.) Disiki ya pili? Vilevile.

Nikabandua nailo moja, nikataka kuificha mfukoni. Ikaninata kidoleni.

"Ile ni nini?" shangazi mkubwa akauliza.

"Nailo, mama."

Mama Zaina akaitazama, akanitazama. "Fundi, mie pia niko na nailo ku viti. Lakini viti yangu haiandike harusi ya bantu!"

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Viti navyo, kwaru, kwaru, kwaru.

Nikavua na nailo ya pili, nikarudisha vibati. Jamani! Filamu ikaandikika yote, mbio, bila kuanguka. Amina akapiga vigelegele. Lakini mie nilibaki mdomo wazi kwa jambo lingine. Disiki hizi zimekaa kwenye moto siku zote hizo, moja ikiingojea nyingine, na nilipozilinganisha hazikupoteza hata picha moja. Machozi ya mama mtu, bibi kizee akicheza na kiatu kimoja, yote imo, mara mbili. Vitu vidogo sawa bazoka, ile ya kutafuna, vimefungwa na mjinga, na bado vimetunza harusi ya mtu. Mungu wangu! Nilisikia haya, na nilisikia furaha pia.

Amina ameenda na filamu yake. Nikiwa mlangoni, Mama Zaina akachukua kile kitambaa cha maua, akaniwekea kichwani: "Sasa jifunike weye."

Niko nyumbani, natazama nailo ya mlango wa frigo yangu. Msinicheke, tafadhali: uso wangu ungali moto, na hauna kibati cha kuupoza.